Sufuria iliyoyeyusha plombi isirudi tena jikoni

Mtu wa mashariki ya Kongo akisikia neno risasi, mawazo yake yanakwenda moja kwa moja kwenye bunduki. Lakini kuna risasi nyingine, ile madini nzito ambayo wengi wanaiita plombi, na hiyo haipigi kelele. Inaingia nyumbani ndani ya bateri ya gari iliyokufa, inawekwa kwenye sufuria, na mbabula inawashwa.

Kando ya ziwa Kivu na ziwa Tanganika, nyavu zinahitaji uzito ili zishuke ndani ya maji. Plombi ni nzito, ni laini, na haina bei kubwa kwa anayejua kuitoa kwenye bateri. Bateri inavunjwa, asidi inamwagwa chini, vipande vya ndani vinayeyushwa, kisha vinamiminwa kwenye kalibu. Asiye na kalibu anachukua kilicho karibu: kikaango cha chuma, ama chombo cha mama cha kuokea keki.

Anayefanya hivyo si mjinga. Plombi inayeyuka kwenye joto la digrii 327, joto ambalo makala yanalifikia bila shida, wakati chuma kinadai zaidi ya digrii 1,100. Tena plombi haishikamani na chuma: ikipoa, chombo kinapinduliwa na kipande kinaanguka chenyewe. Sufuria haipasuki wala haitoboki. Inasuguliwa kwa majivu na sabuni, inarudi jikoni, na jioni inapikiwa sambaza.

Hapo ndipo mtego ulipo. Chuma cha namna hiyo hakina uso laini kama kioo; unga wa plombi unabaki kwenye mikwaruzo na vitundu ambavyo jicho halioni. Nyanya na ndimu zinasaidia kuutoa na kuuingiza ndani ya chakula. Na si chombo peke yake: moshi na vumbi la kazi hiyo vinashuka kwenye nguo, kwenye udongo wa uwanja, na kwenye mikono ya watoto wanaocheza hapo.

Kuna wanaosema kwamba wazee walifanya kazi hii na wakafika uzee. Jibu ni kwamba anayelipa kwanza si mzee. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema hakuna kiasi cha plombi kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mwili wa mtoto mdogo unaweza kunyonya mara nne mpaka tano zaidi ya mtu mzima. Sumu hiyo inapunguza akili ya mtoto, na ikizidi inaleta degedege na kifo. Inakaa ndani ya mifupa kwa miaka mingi, na mama akipata mimba inatoka humo na kumfikia mtoto tumboni. Maumivu ya tumbo, upungufu wa damu, uchovu: dalili hizo zinafanana na za magonjwa mengine, na familia inaweza kutafuta minyoo ama malaria huku sumu iko kwenye uwanja wao.

Afrika imekwisha kulipa kwa hili. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, katika mtaa ambamo watu walikuwa wanachambua plombi ya bateri. Mombasa, wakaaji wa Owino Uhuru walioishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha bateri walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kongo haina sababu ya kungoja makaburi yake.

Kumkataza mvuvi bila kumpa njia nyingine ni kumwambia alale njaa. Lakini njia zipo. Mawe yaliyofungwa vizuri, udongo uliochomwa na simenti vinaweza kushusha wavu. Anayeendelea na plombi awe na sufuria yake ya kazi, iliyotobolewa sikio ili isichanganywe na ya chakula, afanye kazi mbali na nyumba, na abadilishe nguo kabla hajamshika mtoto. Maji yasikaribie kabisa: tone moja ndani ya plombi ya moto linairusha usoni.

Serikali za majimbo nazo zina sehemu yao. Anayeuza bateri mpya alazimishwe kupokea nzee, na vituo vya afya vimuulize mama kazi inayofanyika nyumbani mwake. Afrika ilikwisha onyesha kwamba inawezekana: nchi za kusini ya Sahara zilipatana Dakar mwaka 2001 kuondoa plombi ndani ya esansi, na kufika mwanzo wa 2006 zilikuwa zimefanya hivyo.

Wakati sheria inangojewa, kila nyumba inaweza kuanza leo. Sufuria iliyoyeyusha plombi, hata mara moja tu, imekwisha kuacha kuwa sufuria ya chakula. Isiuzwe sokoni, asipewe jirani.