Kizibo cha mshipa: biashara ya mabilioni, na swali la mgonjwa anayerudi Beni

Munganga akitibu moyo kwa mpira mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, kazi haiishii moyoni. Kunabakia tundu, mara nyingi kwenye mshipa mkubwa wa kinena, na damu ya pale inatoka kwa nguvu. Njia ya zamani ni mkono tu: kukandamiza dakika 15 hadi 20, wakati mwingine zaidi, kisha mgonjwa analala chali masaa kadhaa bila kukunja mguu.

Tangu miaka ya 1990 kuna vifaa vya kuziba. Angio-Seal, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1996, inaacha kizibo cha kolajeni ambacho mwili unakiyeyusha kwa siku 60 hadi 90. Perclose yenyewe inashona kwa uzi.

Ni vitu vidogo, lakini feza yake si ndogo. Abbott, wenye Perclose, walipotaka kununua St. Jude Medical, wenye Angio-Seal, serikali ya Marekani iliona ushindani utakufa. Ikalazimisha Angio-Seal iuzwe, na Terumo ya Japani ikaichukua mwaka 2017.

Kwa wakaaji wa Kivu na Ituri, hiyo inahusu nini? Wenye uwezo wanavuka Kasindi kwenda kutibiwa moyo Kampala, ao wanafika hadi India. Kizibo kinatumika mara moja na kutupwa, na bei yake inaingia kwenye fakitire ya mgonjwa. Faida yake kubwa ni kusimama mapema. Lakini utafiti haujaonyesha wazi kwamba kinapunguza matatizo makubwa kushinda mkono. Kwa hiyo aliyekandamizwa kwa mkono hajanyimwa matibabu. Tena, wanganga wengi sasa wanapitia mkononi, kwenye kiwiko cha kiganja, ambako kufunga ni rahisi zaidi.

Hatari yetu ni barabara. Kabla ya kupanda basi ao piki, mgonjwa aulize: mumepitia wapi, mumefunga na nini, nisafiri siku gani? Akipewa karte ya kizibo, aichunge, maana munganga mwingine lazima ajue.

Damu ikitoka ao kinena kikivimba njiani, gari isimame. Mgonjwa alale, mtu akandamize kwa nguvu juu kidogo ya tundu bila kuachilia kila mara kuangalia, na afikishwe hospitali ya karibu. Kifaa cha kwanza bado ni mkono.