Bei ya Kiooni si Bei ya Gari

Bandu bandu huisha gogo. Wazee wetu waliitunga methali hii kwa ajili ya shoka na mti, lakini leo yafaa ibandikwe kwenye lango la kila yadi ya magari jijini Dar es Salaam. Mnunuzi wa gari haangushwi sana na bei kubwa anayoiona. Huangushwa na vibanzi vidogo vidogo asivyoviona, laki mbili hapa na laki tatu pale, mpaka akiba ya miaka mitano ikaisha kabla gari halijafika nyumbani.

Ndugu msomaji, juma hili twazungumza juu ya ununuzi wa gari la familia. Kwa wafanyakazi wengi wa mijini, gari ndilo linalofuata kwa thamani baada ya kiwanja na nyumba. Fedha yake hutoka katika mkopo wa chama cha akiba na mikopo, katika kiinua mgongo, au katika biashara ndogo ya mama. Ikipotea, haipotei ya baba peke yake. Hupotea pamoja nayo ada ya shule na bati la nyumba ambayo haijaezekwa. Kwa hiyo hapana budi mume na mke wakae pamoja na kalamu na daftari kabla ya kwenda yadi, si baada ya kurudi.

Maswali matatu

Kwa kila fedha unayotakiwa kuitoa, uliza: Fedha hii ni ya nani? Ni ya kazi gani? Je, naweza kuikataa na bado nikapata gari? Ukiuliza hivyo utaona kwamba malipo yote yagawanyika katika mafungu matatu. Kuna fungu la serikali, ambalo halina mjadala. Kuna fungu la watu waliofanya kazi, ambalo hupatanwa. Na kuna fungu la nyongeza, ambalo aghalabu laweza kukataliwa. Muuzaji asiye mwaminifu hupenda kuyachanganya yote katika jumla moja, ili mnunuzi asijue lipi ni lipi.

Fungu la serikali

Magari mengi yanayouzwa kwetu yamekwisha kutumika Japani. Huko hayauzwi kwa sababu ya uchakavu tu. Sheria ya nchi ile yataka gari jipya la kawaida likaguliwe baada ya miaka mitatu ya mwanzo, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Wenyewe wengi huona heri kuuza. Ndiyo sababu bei katika matangazo huonekana ndogo. Bei hiyo huitwa FOB, yaani gari likiwa limepakiwa melini tu. Ukiongeza nauli ya meli na bima mpaka bandari ya Dar es Salaam, hupata bei ya CIF. Kodi huanzia hapo.

Tuchukue mfano wa gari lenye injini ya cc 1500, ambalo thamani yake ya CIF ni shilingi 10,000,000. Kwa viwango vya TRA vya mwaka wa fedha 2023/24, ushuru wa forodha ulikuwa asilimia 25, yaani shilingi 2,500,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya ukubwa huo ulikuwa asilimia 5. Lakini asilimia hizo hazikupigwa juu ya milioni kumi. Zilipigwa juu ya milioni kumi na mbili na nusu, yaani thamani ya gari pamoja na ushuru wa kwanza. Hizo ni shilingi 625,000. Kisha VAT ya asilimia 18 ikapigwa juu ya jumla hiyo yote, ikawa shilingi 2,362,500. Kodi zote tatu zilifika shilingi 5,487,500, na hapo hatujahesabu tozo ndogo za reli na za forodha.

Sasa gari hilo hilo likiwa na umri wa zaidi ya miaka kumi, liliongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Hizo ni shilingi 3,750,000 nyingine, na VAT nayo ikapanda hadi shilingi 3,037,500. Jumla ya kodi ikawa shilingi 9,912,500, karibu sawa na thamani ya gari lenyewe. Kwa gari la miaka minane hadi kumi, ushuru huo wa uchakavu ulikuwa asilimia 15. Basi gari kuukuu lililo nafuu huko Japani laweza kuwa ghali kuliko gari changa, mara litakapokanyaga ardhi ya Dar es Salaam.

Tena fahamu kwamba TRA inao mfumo wake wa kuthamini magari yaliyotumika. Hata ukipatana na muuzaji mpaka akakupunguzia nusu ya bei, usitumaini kwamba kodi nayo itapungua nusu. Kikokotoo cha kodi hizo kimo katika tovuti ya Mamlaka, na kukitumia ni bure. Kwa kuwa viwango huweza kubadilishwa katika bajeti ya kila mwaka, piga hesabu yako siku zile zile unazotaka kununua, kwa aina ile ile ya gari na mwaka ule ule wa kutengenezwa.

Fedha ya serikali ina alama yake: hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, benki au kwa simu, na risiti hutoka. Mtu akikwambia, "Nipe mkononi nikakulipie kodi," mjibu kwa upole: "Nipe namba, nitalipa mwenyewe."

Fungu la waliofanya kazi

Hapa yumo wakala wa forodha, kampuni ya meli inayotoa hati ya kuchukulia gari, na bandari iliyolipokea na kulitunza. Hawa wana haki ya ujira wao. Lakini takeni orodha iliyoandikwa, mstari kwa mstari, kabla meli haijatia nanga. Siku za bure za bandarini zikiisha, gharama ya kuhifadhi huhesabiwa kila siku, na mwenye gari aliyechelewa kwa kukosa karatasi moja hulipia uzembe ambao pengine si wake. Mpatane na wakala tangu mwanzo ni nani atakayelipa endapo ucheleweshaji umetoka kwake.

Anayenunua yadini hujiepusha na safari hiyo, lakini asiache kuuliza. Je, bei iliyobandikwa kiooni ina usajili ndani yake? Ina kubadilisha jina la mwenye gari? Ina bima? Jibu la "usijali, tutaelewana" si jibu.

Fungu la nyongeza

Bei ikikwisha kukubaliwa, ndipo huja maneno matamu: king'ora, kifaa cha kufuatilia gari lilipo, nta ya kulinda rangi, vitambaa vya viti, kuchora namba kwenye vioo na taa. Vingine vina maana. Kuchora namba humpunguzia mwizi wa vioo vya pembeni tamaa yake, na kifaa cha kufuatilia chaweza kusaidia gari lipatikane. Lakini kila kimoja kina bei mtaani, nawe unayo haki ya kwenda kukifungia kwingine. Kwa kifaa cha kufuatilia uliza pia malipo ya kila mwezi, kwani kukifunga ni mwanzo tu.

Mtu asidhani kwamba mchezo huu ni wa kwetu peke yetu. Marekani, Desemba 2023, tume ya serikali ya biashara ilitangaza kanuni ya kuwakataza wauza magari kuwatoza watu nyongeza zisizo na faida. Miongoni mwa mifano iliyotajwa ulikuwamo mkataba wa kubadilisha oili kwa gari la umeme, ambalo halina injini ya kutiwa oili! Januari 2025 mahakama ya rufani iliifuta kanuni hiyo. Basi hata huko ngao ya kwanza ya mnunuzi yabaki kuwa ulimi wake mwenyewe.

Vyombo vipya, maswali mapya

Magari ya siku hizi ni kompyuta yenye magurudumu. Kwa kila chombo unachosifiwa, uliza: Kinafanya kazi hapa kwetu? Nani atakitengeneza? Kikifa, kitagharimu shilingi ngapi?

Tuanze na redio. Masafa ya FM ya Japani huanzia megahezi 76, na kwa miaka mingi yaliishia 90. Yetu hufika 108. Kwa hiyo redio nzuri ya gari la Japani huenda isishike stesheni nyingi za hapa mpaka ifungiwe kifaa cha kubadilisha masafa. Ramani ya kwenye skrini nayo huwa ya Japani na kwa maandishi ya Kijapani. Usiuziwe skrini hiyo kama lulu kabla hujaijaribu.

Lililo zito zaidi ni taa za dashibodi. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa za breki za ABS, za mifuko ya hewa na za injini zapasa kuwaka, kisha zizimike, ile ya injini ikisubiri mpaka injini iwake. Isiyozimika yaonyesha hitilafu. Isiyowaka kabisa yatia shaka zaidi, kwa kuwa huenda imefichwa makusudi. Mlipe fundi wako alipime gari kwa kompyuta. Ujira wake ni mdogo kuliko majuto.

Mifuko ya hewa yataka neno lake. Ile iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani, ambayo iliomba kufilisika Juni 2017, ilifungwa katika mamilioni ya magari duniani. Kemikali ya kuifumulia huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na mfuko unapofumuka huweza kurusha vipande vya chuma. Watu zaidi ya ishirini wamekufa. Sisi wa pwani, tunaoishi katika joto na unyevu mwaka mzima, tusilipuuze jambo hili. Chukua namba ya chasisi, uitafute katika tovuti ya kiwanda kilichotengeneza gari au kwa wakala wake, ujue kama gari liliitwa kwa marekebisho na kama yalifanyika. Na mtoto mchanga katika kiti kinachotazama nyuma asiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Gari la haibridi, lenye injini ya petroli na mota ya umeme, huokoa mafuta katika misongamano ya mjini. Lakini betri yake kubwa ina umri, na kuibadilisha ni gharama nzito. Ipimwe kabla hujalipa. Katika magari mengi ya aina hiyo kuna tundu la hewa karibu na kiti cha nyuma linalopoza betri. Mizigo na nguo za watoto zikiliziba, betri hupata joto na kufa mapema. Nyaya za rangi ya chungwa zina umeme mkubwa. Fundi asiyefunzwa asiziguse. Hali kadhalika magari mengi madogo yana giaboksi ya CVT, ambayo yataka oili yake maalumu. Oili yoyote tu ya dukani yaweza kuiua.

Mkopo wa yadi

Yadi yaweza kukwambia: bei taslimu milioni 15, au lipa milioni 7 leo na milioni moja kila mwezi kwa mwaka mmoja. Masikioni yapendeza. Lakini daftari lasema umelipa milioni 19. Ulikopa milioni 8 na kurudisha 12, yaani nusu nzima ya deni imeongezwa juu yake. Linganisha na riba ya chama chenu cha akiba na mikopo, na uulize kadi ya gari itakuwa mikononi mwa nani mpaka malipo ya mwisho.

Kabla ya kutoa shilingi ya mwisho, linganisha namba ya chasisi iliyo kwenye gari na iliyo kwenye kadi. Tazama kilometa zilizoandikwa katika cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani, uzilinganishe na za dashibodi. Kama gari lilikwisha kutumika nchini, angalia madeni ya faini za barabarani na ya maegesho kwa namba yake ya usajili, usije ukarithi deni la mwingine. Kisha dai risiti ya EFD yenye bei kamili uliyolipa, si nusu yake.

Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na maswali haya. Atayajibu na kuandika. Atakayekuharakisha kwa kusema kuna mtu mwingine anakuja kulichukua mchana, mwache amuuzie huyo mtu mwingine. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Juma lijalo, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya bima ya gari, na yale maandishi madogo ambayo wengi wetu huyasoma baada ya ajali.