Kuandikishwa si Kufundishwa: Mtoto Mwenye Usonji Karagwe na Kyerwa

Nilikuwa Nkwenda, wilayani Kyerwa, kwa ajili ya msiba. Baada ya mazishi mama mmoja aliniita kando, akanieleza habari za mwanawe wa miaka tisa. "Jina lake linaitwa kila asubuhi, Mwalimu," alisema, "lakini hakuna anayemfundisha. Mvua ikinyesha anaziba masikio na kupiga mayowe, basi wanamtoa nje akae kibarazani."

Aliyewahi kufundisha chini ya mabati katika masika ya Kagera anaijua sauti hiyo. Mwalimu mwenyewe hunyamaza, akasubiri ipungue. Kwetu ni kero ya nusu saa. Kwa mtoto huyu, ambaye ubongo wake hauwezi kuisukuma kando sauti yoyote, ni maumivu. Na anapoonyesha kwamba ameumia, anahesabiwa kuwa amevuruga darasa.

Kisheria hatuna upungufu mkubwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma bila kubaguliwa, na tangu 2016 ada si kizuizi tena. Tatizo ni kwamba elimu jumuishi tumeifasiri kwa yale yanayoonekana: njia ya mteremko kwa mwenye baiskeli ya magurudumu matatu, choo chenye vishikio, maandishi ya nukta nundu. Mtoto mwenye usonji anatembea, anaona, anasikia. Asipojibu anapoulizwa, neno lililo karibu ni "mkaidi", na dawa ya ukaidi katika shule zetu inajulikana. Kanuni za mwaka 2002 zinasema fimbo ni ya mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, wala zisizidi nne. Mkoa wetu, uliomzika mwanafunzi wa Bukoba mwaka 2018 baada ya kupigwa na mwalimu, haupaswi kufundishwa na mtu mwingine umbali uliopo kati ya kanuni na darasa.

Kuna na suala la lugha, ambalo sijasikia likijadiliwa katika kikao chochote. Mtoto wa Kyerwa au Karagwe mara nyingi huanza maisha kwa Kinyambo, kisha hukutana na Kiswahili darasa la awali. Wenzake huvuka kwa kucheza na kusikiliza. Yeye, ambaye mazungumzo ya kawaida ni mlima, hujikuta akipimwa kwa lugha ambayo hajapewa nafasi ya kuijenga, kisha ukimya wake unaandikwa kuwa ni upungufu wa akili. Picha chache ubaoni, zikionyesha kipindi hiki, kile kinachofuata, uji, kurudi nyumbani, zingemwambia mengi kuliko maelekezo ya mdomo. Kuzichora kunahitaji boksi kuukuu na kalamu.

Nitaambiwa: watoto hawa wapelekwe kwenye shule zenye vitengo vyao, kama Msimbazi Mseto ya Dar es Salaam. Naiheshimu kazi ya shule za namna hiyo. Lakini mtoto anayelia kwa sababu dawati lake limehamishwa, tunamtoaje Murongo kwa mama yake na kumpeleka zaidi ya kilometa 1,000? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa kipimo hicho, karibu kila shule kubwa ya wilaya hizi mbili inaye mtoto wa namna hiyo, ajulikane asijulikane.

Wala hatuanzi sifuri. KCBRP, shirika la utengamao katika jamii lililopo Karagwe, linawafuata watoto wenye ulemavu vijijini, majumbani mwao. Wapo pia walimu waliosomea elimu maalumu Patandi. Nimekutana na wawili. Mmoja alikuwa akifundisha hisabati darasa la sita, mwingine amekwisha hamishwa mara mbili. (Vyuo vikuu tusijitoe: tunatunga mitihani ya elimu jumuishi ambayo mwanafunzi anaweza kupata alama A bila kukaa hata siku moja na mtoto mwenye usonji.) Mtoto anayetegemea uso uleule na ratiba ileile huathirika na uhamisho kuliko mtu yeyote shuleni, na barua ya uhamisho haimtaji.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakurugenzi wa halmashauri hizi ni dogo, na halisubiri bajeti mpya. Kabla ya Januari, wajue kila mwalimu wa elimu maalumu yuko shule gani na anafundisha nini, kisha wamrudishe kwenye kazi aliyosomea na kumwacha hapo walau miaka mitatu. Siku ya uandikishaji, mzazi aulizwe ni nini kinachomtisha mtoto wake na nini kinachomtuliza. Yule mama wa Nkwenda alinijibu bila kufikiri: anatulia akishika maharage mabichi mkononi, akiyahesabu.

Anahesabu mpaka mia mbili. Shuleni hakuna aliyewahi kumuuliza.