Maarifa ya Wazee Yapimwe Darasani

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, kijana wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, aliweka maziwa ya moto katika jokofu ili atengeneze aiskrimu. Yaliganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu wake sababu, aliambiwa kuwa amekosea. Lakini rafiki yake mmoja, mwuza aiskrimu wa mjini Tanga, alimweleza kuwa yeye mwenyewe hutumia mchanganyiko wa moto ili ugande upesi. Miaka michache baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, kijana huyo aliuliza tena, safari hii mbele ya Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne hakucheka, alikwenda kupima. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala juu ya jambo hilo, na mpaka leo wataalamu wa dunia huliita kwa jina la Mpemba, ingawa bado wanabishana juu ya sababu yake, na hata juu ya ukweli wake.

Twalikumbusha jambo hili si kwa kujisifu. Twalikumbusha kwa sababu mwuza aiskrimu alikuwa na maarifa, na shule ilikuwa na vipimo, na kwa miaka kadhaa viwili hivyo havikukutana. Je, ni maswali mangapi ya watoto wetu yaliyozimwa kwa kicheko, pasiwepo mtu wa kuyapima?

Tutazame milima ya Umatengo, wilayani Mbinga. Huko wakulima wamelima ngoro tangu enzi za mababu. Hufyeka nyasi, wakazipanga kwa mistari inayokatana hata ikafanya miraba, kisha huchimba udongo wa katikati na kuzifunika, pakabaki shimo katika kila mraba. Mvua inyeshapo, maji hutua shimoni badala ya kuteremka na udongo. Na nyasi zilizofunikwa huoza zikawa mbolea. Mtoto wa mkulima huyo hufundishwa darasani mmomonyoko wa ardhi, eneo la mraba, na ujazo. Je, ni shule ngapi zinazomtuma shambani kwa babu yake na kamba ya kupimia, akahesabu shimo moja huzuia lita ngapi za maji?

Wala hatusemi kwamba kila lililotoka kwa wazee ni sahihi. La hasha! Wavuvi na wakulima wa pwani na visiwani walihesabu mwaka wao kutoka siku ya Nairuzi kwa miongo, yaani makumi ya siku: miongo 36 na siku 5, jumla siku 365. Ni hesabu safi, nayo iliwaongoza katika kupanda na katika kuvua. Lakini imekosa ile robo ya siku ambayo mwaka wa jua unayo. Kila miaka 4 hutangulia kwa siku moja. Katika miaka 40 hutangulia kwa mwongo mzima. Mjukuu atakayeshika mwongo ule ule wa babu yake bila kuusahihisha atapanda siku 10 mapema. Hapo penseli ya shule humsaidia mzee, wala haimdharau. Na mtoto aliyeikokotoa hesabu hiyo hatauliza tena hesabu za sehemu zina faida gani.

Kwa miaka mingi Hisabati imekuwa miongoni mwa masomo yanayowaangusha watahiniwa wengi wa kidato cha nne. Uhaba wa walimu na wa vitabu ni sababu mojawapo, nasi hatuufichi. Lakini ipo sababu nyingine: mtoto hufundishwa namba kana kwamba zilizaliwa mbali, hali kila jioni huwaona wazee wakizihesabu kete 64 za bao bila kalamu wala karatasi.

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alizilaumu shule zilizomfanya mtoto aamini kuwa maarifa yote yenye thamani yamo vitabuni au kwa waliosoma, na kuwadharau wazee wake. Lawama hiyo haijazeeka.

Basi twawaomba ndugu walimu wamwalike mkulima, mvuvi na mhunzi waje darasani, si kwa ngoma za sikukuu, bali kwa somo lenyewe. Twawaomba wazee wakubali kuulizwa na kupimwa bila kuona wamevunjiwa heshima. Na wanaotunga mitihani nao hawana budi kuyatia mambo haya katika maswali yao, kwa maana lisiloulizwa katika mtihani halifundishwi. Mtoto akiuliza swali la ajabu, asichekwe. Aletewe kipimo.