Chombo Kipandishwe Pwani Kabla ya Kusi

Mkulima hodari hangoji kuambiwa na kalenda peke yake. Mwezi wa Machi ukiwa ukingoni, joto la usiku likizidi na mawingu yakianza kurundikana upande wa bahari, yeye hunoa jembe na kutayarisha mbegu, maana ajua ya kuwa masika i mlangoni. Mwenye chombo naye hupewa ishara ile ile, ila kazi yake ni kinyume: mmoja aitwa kwenda shambani, mwingine aitwa kutoka baharini. Tofauti iliyo kubwa ni hii, kwamba mkulima akichelewa hupungukiwa na mavuno ya msimu mmoja, lakini mwenye chombo akichelewa huweza kupoteza chombo chenyewe, na pamoja nacho watu waliomwamini.

Kisiwa cha Mombasa huishi kwa pepo mbili. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi. Huo ni upepo wa joto, na siku nyingi za majira yake bahari huwa tulivu na wavuvi huweza kwenda nje ya mwamba. Kusi huanza Aprili, ikifuatana na mvua kubwa za masika, hupata nguvu Juni na Julai wakati wa baridi ya kipupwe, kisha hulegea kuanzia Septemba, wakati wa demani. Kati ya kaskazi na kusi kuna majuma machache ambayo upepo hauna msimamo: leo watoka huku, kesho kule, na kesho kutwa hakuna kabisa. Mabaharia huyaita majira hayo malelezi, au tangambili.

Wazee hawakuufuata mwezi wa kuandama katika hesabu ya pepo, kwa sababu mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, na miezi yake huzunguka majira yote. Walihesabu mwaka wa siku 365 kuanzia Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka, wakaugawa katika miongo ya siku kumi kumi. Nahodha aliyejua yuko katika mwongo wa ngapi alijua pia kama ni wakati wa kutweka tanga au wa kulitua. Vyombo vikubwa vya Ghuba, vya Omani na vya Bara Hindi viliingia Bandari ya Kale kwa kaskazi, vikiwa na tende, chumvi na mazulia. Vilipakia boriti za mikoko, vikaondoka kusi ilipoanza, kabla haijawa kali.

Asiyeamini kwamba majira ni bwana wa bahari na amkumbuke Vasco da Gama. Aliondoka Malindi mwezi wa Aprili 1498 akiwa na rubani aliyezijua pepo, akafika Bara Hindi kwa muda usiotimia mwezi mmoja. Wakati wa kurudi hakungoja kaskazi ishike. Aliondoka mwanzo wa Oktoba, akatangatanga karibu miezi mitatu kabla ya kuiona tena pwani ya Afrika, na mabaharia wake wengi wakafa kwa kiseyeye. Bahari ilikuwa ni ile ile. Kilichobadilika ni majira.

Basi, ikiwa mambo haya yajulikana tangu zamani, mbona kila mwaka wako wanaochelewa? Sababu ni kwamba malelezi hudanganya. Bahari hulala kabla ya kuamka, na mtu mwenye haja huona usingizi wake kuwa ni amani. Mfano wa ndugu wawili wa Mji wa Kale utaeleza jambo hili. Nao ni mfano tu, ingawa wengi watajitambua ndani yake.

Mkubwa alikuwa karani, na mdogo alikuwa mvuvi. Kwa akiba ya mmoja na jasho la mwingine walinunua mashua na injini ya kutundika tezini, na deni la injini lilikuwa bado halijaisha. Juma la mwisho la Machi bahari ilikuwa kama mafuta katika sahani. Mdogo akasema, "Kaka, tuongeze mwezi mmoja. Bahari hii hata mtoto aweza kuivuka. Tukitoka Aprili yote, deni litakwisha." Mkubwa alifanya hesabu kwenye karatasi, akaona kwamba maneno ya mdogo wake ni kweli. Lakini kabla ya kukata shauri wakamwendea ami yao, aliyekuwa fundi wa vyombo katika ujana wake.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, wanangu. Chombo mlikikagua chini lini?"

"Tangu Septemba, ami. Lakini hakivuji sana. Twakumba maji mara mbili tu kwa siku."

"Chombo kisichovuja sana ni kama mgonjwa asiyeumwa sana," akasema mzee. "Nipeni mkono, twende."

Maji yalikuwa yamekupwa na mashua imelala ubavu mchangani. Mzee akainama, akatoa kisu kidogo, akakichomeka katika ubao ulio karibu na mkuku. Kisu kikaingia mpaka kwenye mpini bila nguvu yoyote. Mdogo akanyamaza. Karani naye akatambua kosa la hesabu yake: alikuwa amehesabu samaki wa Aprili, hakuhesabu ubao.

"Na deni je, ami?" akauliza mdogo.

"Deni lina mwenyewe, mwanangu. Mwenyewe ana masikio, mwendeeni mkamwambie. Bahari haina masikio."

Wakaenda, wakaomba muda, wakapewa. Karani alikatwa sehemu ya mshahara wake kwa miezi minne, na mdogo akavua ndani ya mlango wa Tudor kwa mtumbwi wa kuazima, akipata kitoweo na akiba kidogo tu. Haikuwa miezi ya raha, na sare mpya ya mtoto wa karani ilibidi ingoje. Lakini ubao ule ulipobanduliwa, ulionekana umeliwa na mdudu kwa ndani kama sega la nyuki, na misumari miwili imebaki kutu tupu. Ubao huo ndio uliokuwa kati ya mdogo na maji kila siku aliyotoka.

Sasa kazi yenyewe yafaa ifanywe kwa utaratibu. Jambo la kwanza ni kuchagua siku. Maji ya bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hupanda na kushuka Mombasa kwa zaidi ya mita 3. Siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi za alfajiri na za jioni, na hukupwa karibu na saa nne za asubuhi. Mwenye akili hukielea chombo chake mpaka mahali pa juu kabisa alfajiri, na kufikia saa nne kimekaa pakavu, na mafundi wana mchana mbele yao. Kabla ya hapo injini, nanga, nyavu na farumi vyote vitolewe, ili chombo kiwe chepesi. Mkuku uwekwe juu ya magogo ili hewa ipite chini yake, na magadi yasimamishwe pande zote mbili, imara na kwa usawa, kwa maana chombo kilichoegemea gadi moja hujipinda na kufumuka maungio. Kisha nguruzi ichomolewe, ili maji ya mvua yatoke yenyewe. Maji ya mvua yakituama ngamani huozesha mbao upesi kuliko maji ya chumvi.

Jambo la pili ni kukwangua na kukagua. Chaza na majani ya baharini yaondolewe yote, kisha kila ubao ujaribiwe kwa ncha ya kisu, hasa mbao zilizo karibu na mkuku na pale usukani unapofungwa. Mafundi wa zamani walipitisha moto wa makuti chini ya chombo ili kumwua mdudu atoboaye mbao. Njia hiyo yafaa hata leo kwa mwenye ujuzi, lakini petroli na tangi la injini viwe mbali kabisa. Ubao mbovu usifunikwe kwa rangi, kwa sababu rangi humdanganya mwenye chombo na haimdanganyi mdudu.

Jambo la tatu ni kalafati na deheni. Pamba kuukuu ing'olewe katika mianya ya mbao, na pamba mpya iliyotiwa mafuta ipigiliwe kwa chembeu mpaka ikaze. Hapa ndipo pesa za fundi zisipoonewa uchungu. Deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, hupakwa sehemu iliyo chini ya maji ili kumzuia mdudu, na sifa, mafuta ya papa, hupakwa mbao za juu zisipasuke. Deheni haidumu, mwenye kuipaka Mei na aipake tena siku chache kabla ya kushusha chombo.

Jambo la nne ni kivuli. Hata katika kusi jua la Mombasa huchoma, na mbao zilizozoea maji zikikauka ghafula hupasuka. Kibanda cha makuti chatosha, na maji ya chumvi yamwagiwe mbao mara kwa mara siku za jua kali. Tanga lioshwe kwa maji baridi, likaushwe, lishonwe palipochanika, kisha litundikwe mahali panya hawafiki. Kamba zilizolika zitengwe, zisirudishwe kazini kwa kuhurumiwa. Injini nayo isafishwe ndani kwa maji baridi ili kuondoa chumvi, mafuta yaliyobaki yamwagwe katika chombo chake, na vyuma vipakwe grisi.

Ifikapo Septemba chombo hushushwa, lakini kisipelekwe nje ya mwamba siku hiyo hiyo. Na kielee bandarini siku mbili tatu mpaka mbao zinywe maji, zifure na kuziba mianya. Anayetaka kujua kama kazi ya fundi ilikuwa njema ataijua hapo, karibu na nchi kavu.

Wako, hata hivyo, ambao riziki yao haiwaruhusu kukaa pwani miezi yote ya kusi. Hao na wavue ndani ya mwamba na katika milango ya maji. Hatari kubwa ya wakati huo i mlangoni mwa bandari, penye miamba pande zote mbili: mkondo wa maji yanayokupwa ukikutana na mawimbi ya kusi yaingiayo, mawimbi husimama wima na kuvunjika. Ni heri kungoja saa mbili maji yageuke kuliko kupigana nayo. Kabla ya kutoka, isikilizwe taarifa ya Idara ya Hali ya Hewa, ambayo hutoa onyo upepo mkali unapotazamiwa. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania, wavuvi wa Kenya pia walitahadharishwa, na aliyekuwa na chombo chake juu ya magadi alilala usingizi. Kila mtu chomboni awe amevaa boya lake, si kulikalia. Chombo cha kukumbia maji kifungwe kwa kamba kisichukuliwe na wimbi, simu itiwe katika mfuko usioingiza maji, na aliye pwani aambiwe chombo kiendako na saa ya kurudi.

Neno la mwisho ni kwa abiria, yaani karani aendaye kazini na mkulima apelekaye muhogo na ndizi sokoni. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu kabisa na nchi kavu, ikiwa na watu wapatao 400 ilhali iliruhusiwa kuchukua 300, na watu 272 wakafa. Tarehe 18 Julai 2012, kusi ikiwa katika nguvu zake, meli ya Skagit iliyotoka Dar es Salaam kwenda Unguja ilizama karibu na Chumbe katika upepo na mawimbi makali, na zaidi ya watu 100 walikufa au hawakuonekana tena. Abiria hana chembeu wala deheni, lakini ana miguu. Akikiona chombo kimejaa kupita kiasi, au bahari imechafuka na nahodha ashikilia kutoka, na arudi nyuma. Kumkasirisha nahodha si kitu, na kuchelewa sokoni kwasameheka.

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba, mwenye kupuuza ufa hupata angalau nafasi ya kuujenga huo ukuta. Baharini nafasi hiyo haipo. Mawingu ya masika yakionekana upande wa Nyali, mwenye jembe na ashike jembe, na mwenye chombo na ashike kamba, awaite jirani zake wamsaidie kuvuta.