Nani Atakuvisha?

Kipindi cha wiki hii kilikuwa cha unyago, na muda ukatuishia kabla sijawafikia majirani zetu Waapache. Sisi tuliokulia hapa Phoenix jina lao tunalisoma kwenye vibao vya barabarani, basi. Lugha yao ni ya jamii ya Athapaska, iliyoenea kuanzia Alaska mpaka huku Arizona.

Binti wa Kiapache akivunja ungo, anafanyiwa sherehe ya siku nne. Anavaa ngozi laini ya paa. Kwenye paji la uso anafungwa kipande cha gamba la konokono wa baharini, linalong'aa kama upinde wa mvua, ili miale ya kwanza ya jua iligonge. Kichwani, unyoya wa tai. Shingoni ananing'inia mrija na kijiti: siku zote hizo maji anakunywa kwa mrija huo tu, na akiwashwa anajikuna kwa kijiti hicho tu. Mkononi ana fimbo ya kuchezea ngoma, ambayo akizeeka ataitembelea. Yaani si mapambo ya kupigia picha. Kila kitu kina kazi.

Ila kilichonigusa mimi ni hiki: hajivishi mwenyewe. Anavishwa na mama aliyechaguliwa nje ya ukoo wake, na kuanzia hapo familia hizo mbili zinahesabiana ndugu maisha yote. Jamani, si ndiye somo huyo!

Mwaka 1883 serikali ya Marekani ilitoa kanuni za kuwaadhibu wenyeji kwa ngoma na ibada zao. Sheria ya kulinda dini zao ilikuja 1978. Katikati hapo kulikuwa na kina mama walioendelea kuwavisha mabinti. Ndiyo maana sherehe ipo mpaka leo.

Sisi hakuna aliyetukataza. Kanga, hina, udi, vyote tunaagiza mtandaoni, mzigo unafika mlangoni. Somo hauagizwi. Mdogo wangu anatimiza 13 mwaka huu, na mama, mtu wa Tanga, ameanza kuulizia ni mama gani hapa mjini atakayekubali kuwa somo wake. Wawili wamesema wako bize na kazi. Bado anatafuta.

Na wewe, somo wako ni nani? Kama huna, nani angekufaa? Tuandikie, tutasoma majibu kipindi kijacho.