Tanzu Ziitumikie Hadithi

Ndugu zangu walimu wa fasihi simulizi, nanyi wanafunzi mnaotumwa kukusanya ngano kwa wazee, nina neno nanyi. Tumezoea kwenda kwa bibi tukiwa na majibu kabla ya maswali. Jedwali la tanzu tumekwisha kulichora, vipera tumevikariri, tunatafuta tu cha kujazia. Mzee akianza kusimulia, sisi hatusikilizi bali tunapanga. Desturi hii tuiache, maana inatupotezea mali.

Chukueni hadithi ya punda wa dobi, ambayo Edward Steere aliichapisha London mwaka 1870 katika mkusanyo wa hadithi alizozipata Unguja. Kima aliye juu ya mkuyu anamtupia papa matunda hata wakawa marafiki. Papa anamwalika kwao, na njiani anamfunulia kuwa sultani wao mgonjwa hana dawa ila moyo wa kima. Kima anasema moyo ameuacha mtini, anarudishwa, anaokoka. Papa anapomsihi washuke tena, kima anamsimulia habari za punda aliyenusurika kwa simba, kisha akakubali kurudi, akaliwa.

Orodha ya kimataifa ya ngano, aliyoianza Antti Aarne wa Finland mwaka 1910, ikapanuliwa na Stith Thompson wa Marekani na kupangwa upya na Hans-Jörg Uther mwaka 2004, inatoa hapo namba mbili: 91 kwa moyo wa kima, 52 kwa punda. Sidharau kazi hiyo. Bila orodha kama hizo, wengi wetu tusingejua kwamba kisa hiki kinasimuliwa pia katika Panchatantra ya India. Lakini huko India nako, kisa cha punda kimo ndani ya kisa cha kima vilevile! Wasimulizi wa pande zote mbili za bahari wameviona kuwa kitu kimoja, kwa sababu punda ndiye sababu anayoitoa kima ya kukataa. Atakayevitenga atabaki na namba zake mbili, na hoja ya kima itakuwa imempita.

Tazameni pia kilichogeuka. Kule rafiki wa kima ni mamba, na anayeutaka moyo ni mke wake, kwa wivu. Huku ni sultani wa papa, kwa maradhi. Msimulizi wa pwani aliipokea hadithi akaitia bahari yake na utawala wake, na hakuna aliyemwambia kuwa ameharibu mapokeo. Ubunifu wa namna hiyo ndio ulioyafikisha mapokeo kwetu yakiwa hai.

Kuzilazimisha hadithi ziingie katika jedwali kuna madhara makubwa kuliko kupoteza alama za mtihani. Mwaka 1956, huko mashariki mwa Kongo, Candi Rureke wa kabila la Wanyanga alikitoa kisa cha shujaa Mwindo kwa muda wa siku 12. Alisimulia kwa maneno ya kawaida, akaimba, akacheza, akaigiza, huku wenzake wakipiga ala na kuitikia. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene walikichapisha mwaka 1969. Wanyanga wenyewe wana jina la utungo wa namna hii: karisi. Sisi tungeuweka wapi? Katika masimulizi, ushairi, au maigizo? Mwaka mmoja baada ya kisa hicho kuchapishwa, Ruth Finnegan, ambaye kitabu chake kuhusu fasihi simulizi ya Afrika kimetufaa sana, alitia shaka kama tendi simulizi, yaani tungo za mashujaa kama huo wa Mwindo, zipo kweli kusini mwa Sahara. Kipimo chake kilitengenezwa kwa tendi za kwingine, ndefu na za kishairi. Isidore Okpewho wa Nigeria alimjibu mwaka 1979, na M. M. Mulokozi wetu akaleta ushahidi wa tendi za enanga za Wahaya. Bara zima lilikaribia kuandikwa kuwa halina kitu ambacho watu wake walikuwa wakikiimba usiku kucha.

Mulokozi huyohuyo, katika jarida la Mulika mwaka 1989, alitupatia tanzu sita ambazo wanafunzi huzitaja leo bila kuvuta pumzi. Alizijenga juu ya umbile la kazi na muktadha wa kuiwasilisha: fanani, hadhira, mahali, wakati. Tumeishika orodha, tumeiacha hoja yake.

Atasema mtu: bila mipaka thabiti tutafundishaje? Mipaka na iwepo, lakini isogee. Siti binti Saad alipoimba taarab kwa Kiswahili na kurekodi santuri Bombay mwaka 1928, lilikuwa jambo jipya. Leo nyimbo zake ndizo tunazoziita asilia. Basi mchongoano wa vijana wa Nairobi, wanaoshindana kwa dhihaka mbele ya wenzao, usifukuzwe darasani kwa kuwa babu zetu hawakuujua.

Enyi wakusanyaji, andikeni kwanza jina ambalo msimulizi mwenyewe analiita jambo lake, nani walimsikiliza, waliitikia nini, wapi aliimba na wapi alisema. Mwulizeni alilipata kwa nani, na yeye ameongeza nini. Utanzu uandikwe baada ya hayo, na utungo ukihitaji tanzu mbili au tatu, ziandikwe zote. Nanyi watahini, mtoto akitaja kipera msichokitarajia na akakitetea kwa ushahidi wa utungo wenyewe, mpeni alama zake.